Upepo Tunao, Njia Tumeziba: Hotuba Kuhusu Hewa ya Ndani ya Nyumba Zetu

Hii ni hotuba kamili iliyotolewa mbele ya wenye nyumba, wapangaji, mafundi na wazazi waliokusanyika Majengo, Mombasa. Imewekwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mashekhe na wachungaji mliotuheshimu kwa kufika, mama zetu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: assalaamu alaykum, na kwa wasiokuwa Waislamu, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu hewa ya ndani ya nyumba, nami nimeitikia kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mimi ni mhandisi wa majengo na kwa muda mrefu nimeona jambo hili likiachiwa daktari peke yake. Mtoto akikohoa tunampeleka hospitali, anapewa dawa, anapata nafuu, kisha anarudi kulala katika chumba kile kile kilichomkohoza. Daktari ametimiza wajibu wake. Je, fundi ametimiza wake? Je, mwenye nyumba ametimiza wake? Je, sisi wahandisi tuliochora ramani ya jengo lile tumetimiza wetu?

Ninalotaka mlishike leo ni moja. Hewa ya nyumbani hujengwa. Hujengwa na aliyechagua dirisha, aliyechagua jiko, aliyepiga plasta na aliyeamua choo kiwe upande gani. Na kitu kinachojengwa kinaweza kupimwa, na kikiwa kibovu kinaweza kurekebishwa. Hakuna hata mmoja wetu humu ukumbini anayekubali kukodi nyumba bila kuuliza habari za maji: yanatoka siku gani, ni ya chumvi au ni matamu, tangi liko wapi. Lakini maji tunakunywa lita mbili tatu kwa siku, ilhali hewa tunavuta maelfu ya lita kila siku, usiku na mchana, na hatuulizi inaingilia wapi wala inatokea wapi.

Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni, na zaidi ya 237,000 ya vifo hivyo ni vya watoto ambao hawakuwa wametimiza miaka 5. Moshi huo huua kwa nimonia, kwa magonjwa ya moyo, kwa kiharusi, kwa saratani ya mapafu. Kinachoogopewa zaidi ndani yake ni chembechembe zenye upana wa maikromita 2.5 kwenda chini. Unywele wa kichwani una upana wa maikromita 50 hadi 70, kwa hivyo chembe hizo unaweza kuzipanga 20 au zaidi zikatosha katika upana wa unywele mmoja. Kwa udogo huo zinapita puani, zinapita kooni, zinafika mwisho wa mapafu, na baadhi yake zinaingia katika damu. Mwaka wa 2021 shirika hilo hilo lilishusha kiwango linachopendekeza hadi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa mwaka mzima, na mikrogramu 15 kwa wastani wa siku moja. Jiko la kuni katika chumba kisicho na pa kutokea moshi hupita viwango hivyo mara mia na zaidi.

Basi tuanze na moto, kwa kuwa ndio unaochafua kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

Miaka ya mwisho ya 1990, hapa hapa nchini mwetu, watafiti wawili, Majid Ezzati na Daniel Kammen, walifuatilia familia 55 zenye watu 345 katika eneo la Mpala, Laikipia. Waliingia katika nyumba zilizopika kwa kuni na makaa, wakapima moshi, na wakafanya jambo ambalo wengi kabla yao hawakulifanya: waliandika nani alikuwa wapi, kwa muda gani, na alikuwa akifanya nini. Matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2001 yalionesha kwamba ukipima wastani wa moshi wa chumba kizima, utamdhulumu mama. Kwa nini? Kwa sababu moshi haufuki sawasawa siku nzima. Unafuka sana moto unapowashwa, unapoongezewa kuni, unapochochewa, na hizo ndizo nyakati ambazo mpishi ameinama juu yake, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni. Wanaume wa nyumba hiyo hiyo, chini ya paa hilo hilo, walivuta moshi mchache kuliko mama.

Watafiti hao waligundua jambo la pili, na hili nawaomba mlisikilize kwa makini kwa sababu linaondoa udanganyifu mwingi. Ukiwa na nyumba yenye moshi mzito sana, kuupunguza kidogo hakumsaidii sana mtoto. Faida kubwa inakuja moshi unapopungua hadi ukawa haba. Huko Guatemala, kati ya mwaka wa 2002 na 2004, watafiti wakiongozwa na Kirk Smith walijengea familia majiko yenye dohani, wakawafuatilia watoto wachanga. Moshi waliovuta watoto ulipungua kwa nusu hivi. Nimonia kwa jumla haikupungua kiasi cha kutegemewa, lakini nimonia kali, ile ya kumkosesha mtoto oksijeni, ilipungua kwa takriban thuluthi moja. Hilo ni jambo la kushukuru, na pia linatuonya: jiko bora kidogo ni nafuu, wala halijawa tiba. Anayeweza kuhama kutoka kuni na makaa hadi gesi au umeme, ahame. Sheria ya fedha ya mwaka wa 2023 iliondoa kodi ya VAT kwenye gesi ya kupikia, na hiyo ni hatua ya kushika. Ambaye bado hawezi, apikie uani, au jiko liwe chini ya dirisha lililo wazi, na mtoto asikae jikoni wakati moto unawashwa. Wenye umeme nyumbani, maharagwe yanayokaa jikoni saa nzima na zaidi yanaiva upesi kwa presha kuka ya umeme, na hakuna chembe ya moshi.

Sasa niseme neno kuhusu makaa, kwa kuwa najua ndiyo yanayopikia nyumba nyingi hapa Majengo, Mshomoroni na Likoni. Watu husema, “Makaa yakishakolea hayana moshi, unaweza kuingiza jiko ndani.” Ndugu zangu, hapo ndipo hatari inapozidi. Makaa yaliyokolea, mekundu, yasiyo na moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu wala haiwashi macho. Gesi hiyo hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hivyo damu inaendelea kuzunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Mtu anaumwa na kichwa, anasikia usingizi, anaona ni uchovu wa kazi, analala. Msimu wa masika mvua inaponyesha na watu wakaingiza majiko vyumbani, wakafunga madirisha ili maji yasiingie, hiyo ndiyo gesi inayojaa chumbani. Jiko la makaa lisilale chumba kimoja na watu. Nasema tena: jiko la makaa lisilale chumba kimoja na watu, hata kama limebaki majivu ya moto tu.

Mafuta ya taa nitayapita haraka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2014, lilishauri watu waepuke kuyatumia majumbani, kwa moshi wake, kwa ajali za moto na kwa watoto wanaoyanywa wakidhani ni maji. Na gesi je? Gesi ni bora mno kuliko yote niliyoyataja, lakini nayo hutoa naitrojeni dioksidi ambayo huwasumbua wenye pumu. Kwa hivyo hata mwenye gesi afungue dirisha anapopika.

Kuna moto mwingine tunaousahau kwa sababu haupikii chochote. Nazungumzia dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kuzunguka kama kamba ya meli, tunayoiweka chini ya kitanda jioni na kuiacha iungue mpaka alfajiri. Mwaka wa 2003 ulichapishwa utafiti uliopima dawa za aina hiyo zilizouzwa China na Malaysia, ukaonesha kwamba koili moja ikiungua yote hutoa chembechembe ndogo sawa na zinazotolewa na sigara 75 hadi 137. Mzazi asiyeruhusu mgeni avute sigara moja mbele ya mtoto wake anawasha kitu hicho chini ya kitanda cha mtoto huyo huyo, kwa mapenzi, kwa kumwogopea malaria. Na malaria ni ya kuogopewa; sithubutu kuwaambia muache kujikinga. Ninachosema ni kwamba chandarua chenye dawa kinamkinga mtoto bila kumvutisha moshi, na wavu dirishani unasaidia. Ukilazimika kuwasha koili, iwashe barazani au uani jioni mnapopiga soga, ambako upepo unaichukua.

Na udi? Naona mama zangu wameanza kutazamana. Sitawaambia muache udi wala ubani. Nyumba ya Mombasa bila chetezo siku ya Ijumaa, bila kufukiza nguo kabla ya harusi, inakuwa nyumba ya nani? Lakini moshi wa udi nao ni moshi, na chembe zake hazitofautiani kwa udogo na zile za makaa. Fukizeni sebuleni madirisha yakiwa wazi, fukizeni kwa muda mfupi, na chetezo kisiingie chumba cha mtoto mchanga wala cha mgonjwa wa pumu. Harufu hubaki kwenye mapazia na nguo hata moshi ukishatoka, na harufu ndiyo mliyoitaka.

Waheshimiwa, nimemaliza habari ya moto. Lakini tuseme umetoa kila moto ndani ya nyumba. Je, hewa imekuwa safi? Bado kuna watu, na watu wanapumua.

Huko Munich, Ujerumani, mwaka wa 1858, mwanasayansi Max von Pettenkofer alipendekeza kwamba hewa ya chumba ihukumiwe kwa kiasi cha hewa ya ukaa kilichomo, ile tunayoitoa tunapopumua, na kwamba ikizidi sehemu 1,000 katika milioni, chumba hicho hakifai kukaliwa. Aliitumia kama ushahidi: ikiwa hewa ya ukaa imejaa, basi unachovuta sasa kimekwisha kutoka katika kifua cha mwenzako, pamoja na chochote kilichokuwemo kifuani humo. Nje, hewa ya ukaa siku hizi ni sehemu 420 hivi katika milioni. Sasa chukueni chumba cha futi kumi kwa kumi, vyumba tunavyokodisha kila siku, chenye mita za ujazo 25 hivi. Ndani wamelala baba, mama na watoto wawili. Wakiwa usingizini, wanne hao hutoa si chini ya lita 30 za hewa ya ukaa kila saa. Chumba kikiwa kimezibwa, mpaka ule aliouweka Pettenkofer unavukwa kabla saa moja haijatimia, na usiku una saa ngapi? Kama mmoja wao ana kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, na Kenya imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo duniani, wenzake wanavuta kinachotoka kwake usiku kucha.

Dawa ya hilo ni upepo, na upepo sisi tunao. Tunao kusi kuanzia Aprili, unaotoka kusini-mashariki hadi mwezi wa Septemba na Oktoba. Tunao kaskazi unaoshika zamu mpaka Machi. Na katikati ya siku tunao upepo wa baharini usiotuacha. Miji mingapi duniani inalipia kwa mashine kile ambacho Mwenyezi Mungu anatuletea mlangoni?

Wazee waliojenga Mji wa Kale walilijua hilo. Nendeni Kibokoni mtazame nyumba za zamani: dari ziko juu, madirisha ni marefu, na milango ya dirisha ina vibao vilivyoinamishwa ili upepo uingie hata mvua inaponyesha na hata mama akiwa amejisitiri. Hewa ya moto inapanda darini na kutokea juu. Nyumba ya Kiswahili ya hapa Majengo nayo, yenye ukumbi katikati unaonyooka kutoka mlango wa barazani hadi uani, vyumba huku na huku, na jiko nje kabisa uani, ilipangwa ili upepo ukiingia mbele utoke nyuma, na ukuta haukufika hadi makuti. Palikuwa na mwanya. Tuliita huo ni ushamba, tukaziba mwanya, tukapiga dari ya chini, tukahamishia jiko ndani.

Kama mnadhani ninasifia ya kale kwa mapenzi tu, nisikilizeni habari za Lima, mji mkuu wa Peru. Mwaka wa 2007 watafiti wakiongozwa na Rod Escombe walichapisha matokeo ya kupima vyumba 70 katika hospitali 8 za mji huo. Walitaka kujua hewa ya chumba hubadilika mara ngapi kwa saa, na hatari ya kuambukizwa kifua kikuu ni kiasi gani. Vyumba vilivyotegemea mashine vilipangiwa hewa ibadilike mara 12 kwa saa. Vyumba vilivyotegemea madirisha na milango iliyofunguliwa vilifikia, kwa kadiri ya kati, mara 28. Zaidi ya hapo, hospitali kongwe, za kabla ya mwaka wa 1950, zenye dari za juu na madirisha makubwa, zilishinda zile za kisasa zenye madirisha pia: mara 40 dhidi ya mara 17. Wakakadiria kwamba watu wakikaa siku nzima na wagonjwa wasiotibiwa, katika chumba cha mashine wangeambukizwa 39 kwa kila mia, katika chumba cha kisasa chenye madirisha 33, na katika chumba kikongwe 11. Kumi na mmoja! Madirisha na dari ya juu, bila umeme, bila vipuri.

Mafundi, hapa nawaelekea nyinyi. Dirisha moja halitoshi. Upepo ukikosa pa kutokea hauingii. Chumba chenye tundu upande mmoja tu hupata hewa mpya kwa kina kisichozidi mara mbili na nusu ya urefu wa dari yake. Chenye matundu pande mbili zinazoelekeana hufika mara tano. Chukueni chumba kile kile cha mita za ujazo 25, kikiwa na uwazi wa nusu mita mraba upande unaopigwa na upepo na uwazi kama huo upande wa pili. Upepo wa mita moja kwa sekunde, ule wa kutikisa majani tu, hubadilisha hewa yote ya chumba hicho zaidi ya mara 30 kwa saa. Lakini dirisha la kusukuma la alumini, ambalo sasa ndilo fasheni, hufunguka nusu tu ya upana wake, na ukitia wavu wa mbu unapunguza tena sehemu kubwa ya upepo uliobaki. Anayetaka dirisha la kusukuma na wavu basi alijenge kubwa maradufu, au arudie dirisha la luva ama la mabawa linalofunguka lote.

Nitawasimulia chumba kimoja huko Kisauni. Niliitwa kwa sababu ya ukuta uliokuwa ukibabuka rangi, sikuitwa kwa ajili ya hewa. Nilipoingia niliona mtoto wa miaka kama mitatu amelala mchana, anakoroma kama mzee. Juu ya dirisha palikuwa na yale matundu ya hewa ambayo fundi huyaacha katika kila nyumba ya Kenya, na yote yalikuwa yamepakwa rangi juu kwa juu. Fundi niliyekuwa naye alichukua bisibisi akachokoa moja, na yakaanza kutoka magazeti, yamekunjwa na kusokomezwa, karatasi juu ya karatasi, zimegeuka manjano na kuliwa na mende. Mama wa nyumba alisema ni mpangaji wa kabla yake aliyeziba, naye akaongezea kwa ajili ya mbu. Hakukosea kuwaogopa mbu. Tukatoa karatasi zote, tukafunika matundu kwa nje kwa wavu mwembamba wa chuma, kisha tukatoboa uwazi mwingine juu ya mlango wa kuelekea ukumbini. Mama akaleta kijiti cha udi, tukakiwasha na kukishika karibu na tundu la dirisha: moshi ukaelea ndani. Tukakipeleka juu ya mlango: moshi ukavutwa nje, umenyooka, kama unaitwa. Kabla ya hapo ulikuwa ukisimama tu hewani. Kazi yote ilitaka fundi mmoja, patasi, nyundo na kipande cha wavu.

Nawaomba kila mmoja wenu afanye jaribio hilo leo nyumbani kwake. Kijiti cha udi kitakwambia ukweli ambao hata mwenye nyumba haujui. Na msidanganywe na feni ya dari: inazungusha hewa ile ile, inakupoza, lakini haileti mpya. Msidanganywe na kiyoyozi pia. Kile cha kawaida cha ukutani, chenye mashine nje na kingine ndani, kinachopitisha baina ya viwili hivyo ni gesi ya kupozea ndani ya mabomba; hewa ya nje haiingii chumbani hata kidogo. Familia yenye kiyoyozi Nyali inaweza kuwa inavuta hewa iliyochoka kuliko jirani yake wa Kongowea mwenye dirisha wazi.

Wenye nyumba, msinikasirikie, nawasemesha kwa heshima. Fleti zinazoota kila uchao zimejengwa ukuta kwa ukuta na jirani, na jiko na choo vinafungulia madirisha katika kishimo cha hewa katikati ya jengo, ambacho ni chembamba kiasi kwamba watu wa pande mbili wanaweza kupeana mikono. Moshi wa ghorofa ya chini unapanda na kuingia kwa wa juu. Harufu ya samaki wa mmoja ni chakula cha wote. Hizo sentimita mlizozipata kwa kupunguza kishimo zinalipwa na vifua vya wapangaji wenu.

Nije katika unyevu, kwa ufupi. Hewa ya Mombasa ina maji mengi mwaka mzima, na kuvu inahitaji ukuta wenye unyevu tu ili iote. Mtu huona madoa meusi nyuma ya kabati, huyasugua na dawa ya kung'arisha nguo, hupaka rangi, na baada ya mvua yamerudi. Tafuteni maji yanatoka wapi: bomba linalovuja, paa, nguo zinazoanikwa chumbani, au msingi usiowekewa kizuizi cha unyevu. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa bahari ina chumvi ukutani, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Na wale mlio na kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, nawasihi msizipige plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji na rangi ya mafuta huufungia ndani, na ukuta uliosimama miaka mia unaanza kumeguka. Vuteni makabati mbali na ukuta kiasi cha kiganja, ili hewa ipite.

Limebaki swali ambalo wakazi wa Changamwe na Magongo wamekwisha kunitumia kwa karatasi: “Sisi nje kuna malori ya makontena na vumbi, tufungue dirisha tuingize nini?” Swali la haki kabisa. Fungueni upande usioelekea barabara, na fungueni saa ambazo malori ni machache. Kisha chujeni. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, Wamarekani wawili, mhandisi Richard Corsi na Jim Rosenthal, mkuu wa kampuni ya vichujio, walibuni kichujio cha bei nafuu: vichujio vinne vya viyoyozi vikubwa vinasimamishwa kama kuta za sanduku, chini kunazibwa kwa kadibodi, na juu kunawekwa feni inayovuta hewa kupitia vichujio hivyo na kuitoa juu. Kila maungio huzibwa kwa gundi ya utepe. Hata mwenye kichujio kimoja akikifunga nyuma ya feni ya mezani atanasa vumbi na moshi kiasi. Waulizeni mafundi wa friji na viyoyozi, vichujio wanavijua. Lakini kichujio hakiondoi kaboni monoksidi wala hewa ya ukaa. Kwa hivyo kinakuja mwisho: kwanza toa moto, pili pitisha upepo, ndipo uchuje kilichobaki.

Wazazi, mkienda kutazama chumba cha kukodi, ulizeni habari za hewa kama mnavyouliza habari za maji. Simameni katikati ya chumba, fungueni mlango na dirisha, mtazame kama pazia linatikisika. Wenye nyumba, anayefungua matundu yaliyozibwa na kuyawekea wavu kabla ya masika hatapata hasara. Atapata wapangaji wanaokaa. Na tunapopeleka ramani kwa kaunti, tuandike wapi hewa inaingia na wapi inatoka, kwa mishale, katika kila chumba, ili mkaguzi asiwe na la kubahatisha.

Kifaa cha kupimia hewa ya ukaa na chembechembe za moshi kiko hapa mezani. Tutakiazima kwa nyumba moja baada ya nyingine, usiku mmoja kila nyumba, kwa hivyo anayekitaka aandikishe jina na mtaa kwa katibu kabla hajatoka. Mafundi nawaomba mbaki. Nyuma ya ukumbi huu kuna ukuta wa bloku ambao tumeruhusiwa kuutumia, na nitawaonesha jinsi ya kutoboa tundu juu ya linta, ile boriti iliyo juu ya dirisha au mlango, bila kuidhuru. Ahsanteni sana.